Trela ya Mtu Mfupi

Larkson yetu, trela tuliyokuwa tunaishi ndani yake, iliuawa na maji. Tulikuwa tumeegesha jangwani Arizona, mahali ambapo siku za mvua unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono, na mwaka huo zote zilipenya darini kwetu zikatua upande wangu wa kitanda. Verlin, mume wangu wa miaka arobaini na sita, alisema ni tone tu. Akaweka sufuria. Siku mbili baada ya Krismasi alikanyaga sakafu ya chumba cha kulala, mguu ukazama mpaka gotini, akabaki amesimama hivyo hivyo kama korongo, kisha akaniambia kwa upole, "Nadine, nadhani si tone."

Fundi alikuja, akabonyeza kuta kwa kidole gumba, kidole kikaingia. Akasema mbao zote za shingoni zimeoza. Trela zetu zina shingo, si zile ndogo za kufunga kwenye ndoano nyuma ya gari. Shingo inapanda juu ya pikapu na kukaa kwenye kiti cha chuma katikati ya sakafu yake ya nyuma, na humo shingoni, ngazi tatu juu, ndimo watu wanamolala. Shingo ikioza, trela imekwisha. Unabaki na jiko na choo juu ya magurudumu.

Sisi hatuna nyumba nyingine. Ya Nebraska tuliiuza miaka tisa iliyopita. Binti yetu Colleen, anayekaa Omaha, hukohuko Nebraska, aliposikia habari za sakafu hakucheka hata kidogo. Alisema chumba cha chini ya nyumba yake kiko tayari, na tukapatana naye kwamba kama hatujapata trela nyingine kabla hema la maonyesho ya trela halijang'olewa mwisho wa Januari, tutakwenda kukaa kwake moja kwa moja. Nampenda Colleen. Lakini chumba chake kina zulia la kijani na dirisha moja linalotazama matairi ya gari lake. Miaka tisa nimekuwa nikifungua pazia na kukuta ziwa, au mlima, au ng'ombe wa watu ananikodolea macho. Nilijua nikiingia kwenye lile zulia sitoki tena, na Verlin alijua vilevile.

Basi tukaanza kuchagua. Na wanaume wa jangwani kwetu wakiona mtu anachagua trela, hawalali.

"Nunua Gunther," alisema Garland, jirani yetu, aliyekuja na kiti chake mwenyewe na kahawa yake mwenyewe, akakaa mlangoni kwetu bila kukaribishwa. "Gunther haivuji."

"Yako ilivuja mwaka juzi," nikamwambia.

"Ile haikuvuja, Nadine. Ile ilitoa jasho."

Kila mtu huko na kampuni yake, na anaitetea kuliko anavyomtetea mkewe. Mwenye Gunther anamwonea huruma mwenye Larkson, mwenye Larkson anamcheka mwenye Odella, na mwenye Odella hamsikii mtu kwa sababu amewasha meko yake ya umeme. Nimeshafungua makabati ya zote tatu. Bawaba ni zilezile, jiko lilelile, hata friji inanguruma kwa sauti ileile. Zote zinatoka mji mmoja huko Indiana, na nina hakika mafundi wake wanakula chakula cha mchana pamoja. Ukimwambia Garland hivyo, anabeba kiti chake anaondoka.

Verlin alikuwa mbaya kuliko wote. Trela ya kwanza alipoinunua alichora jedwali la kurasa kumi na moja: unene wa kuta, aina ya ekseli, wembamba wa nyaya. Mwaka huu nilijiandaa kwa jedwali la kurasa ishirini. Halikuja. Badala yake alinitupia rundo la vipeperushi mapajani.

"Nisomee."

"Kwani wewe macho yamekwenda likizo?"

"Napenda sauti yako," akasema, huku akitazama ukuta.

Mwanamke akiambiwa hivyo baada ya miaka arobaini na sita haulizi swali la pili. Nilisoma vipeperushi hivyo kama taarifa ya habari, siku tatu, mpaka koo likakauka. Kuna jambo moja tu lililoniudhi. Tangu Krismasi nilipozungumza naye alikuwa hanitazami. Alitazama jiko, au mlango, au sikio langu. Nikamwambia hata mbwa wa Garland ananipa heshima zaidi.

Tulikwenda kwenye maonyesho Jumatano, mimi nikiendesha pikapu kwa sababu alisema mgongo unamuuma. Muuzaji aliyetupokea aliitwa Esteban Ochoa, mtu wa makamo mwenye kofia safi na subira ya mkunga. Alihitaji subira hiyo, maana Verlin ana kanuni yake: trela hainunuliwi kwa kutazamwa, inanunuliwa kwa kuishi ndani yake. Lazima ukae ndani saa nzima na uigize siku. Unavua viatu. Unalala kitandani. Unasimama bafuni na kujifanya unajipaka sabuni ili ujue kiwiko kitagonga wapi. Unakaa chooni mlango ukiwa umefungwa, uone kama magoti yanaingia. Watu wetu wote wanafanya hivyo na hakuna anayeona haya, ila wageni wanaochungulia mlangoni na kukuta wazee wawili wamelala chali na viatu vimepangwa chini.

"Samahani," wanasema.

"Ingieni tu," Verlin anawajibu kutoka kitandani. "Sisi tunaamka saa moja."

Odella niliipenda kabla sijavua kiatu cha pili. Ilikuwa na meko, makochi mawili ya ngozi na kisiwa katikati ya jiko, kisiwa kabisa, kama cha matajiri. Nikakaa mbele ya ule moto wa kuigiza nikajiona tayari nimekwisha kuwa mtu mwingine.

"Futi arobaini na moja," Verlin akasema. "Esteban, shingo yake ina uzito gani?"

Esteban akasoma kwenye kipeperushi. "Ratili elfu mbili na mia nne, mzee wangu."

"Hiyo ni tupu. Haina maji, haina sufuria, wala haina mke mwenye mawe."

Ni kweli nina mawe. Kila anayekaa jangwani anaokota mawe, mimi nimeokota kidogo kuwazidi. Lakini hilo ndilo kosa letu sisi watu wa trela, na nimeliona likiwavunja watu ekseli: tunasoma uzito wa kwenye karatasi kana kwamba tutaishi humo uchi, bila hata kijiko. Nikateremka mpaka kwenye pikapu, nikafungua mlango wa dereva na kusoma kibandiko kilichopo pale. Isibebe zaidi ya ratili elfu mbili na mia saba. Ukiweka sufuria, maji, sisi wawili na vile vifaa vyake vya useremala, hata bila jiwe moja langu, tumeshapita.

"Basi tupunguze vifaa vyako," nikasema.

"Au mawe."

"Mawe hayali, hayanywi, wala hayajawahi kunikata kidole. Vifaa vyako vimekukata mara ngapi?"

Esteban alijifanya anafuta vumbi kwenye kisiwa. Nikaiaga Odella kwa kuligusa kochi lake.

Gunther ndiyo iliyoanza kunitia wasiwasi. Ilikuwa fupi zaidi, imara, nami nilidhani Verlin ataikubali ili tu amnyime Garland furaha ya kulalamika. Badala yake aliizunguka nje, mkono ukipapasa ukuta mwendo wote, mpaka akafika zilipo vali za maji machafu, chini kabisa, ndani ya uvungu.

"Nadine, lala chini uone kama unazifikia."

"Mimi?"

"Nyoosha mkono."

Niwaambie jambo la nyumba yetu. Mpira wa maji machafu ni kazi yake. Imekuwa yake tangu siku ya kwanza, na hatujawahi kuijadili, kama ambavyo hatujawahi kujadili nani amezaa Colleen. Miaka tisa sijagusa vali ile. Lakini pale mbele ya umati, na sketi yangu nzuri, nikalala kwenye changarawe nikanyoosha mkono. Vidole vikaishia hewani.

"Haifiki," nikasema kutoka uvunguni.

"Basi hii haifai," akasema Verlin, na akaondoka.

Ikawa hivyo kila tulipokwenda. Nadine, vuta hiki kitasa. Nadine, simama hapa, kitufe cha kuteremsha miguu ya trela kiko wapi, begani au juu ya kichwa? Nadine, ngazi hii unaiinua kwa mkono mmoja? Mimi ni mfupi, sikatai, nimezaliwa hivyo na nimezeeka nikapungua tena. Lakini sikuwahi kupimwa hivyo hata siku niliposhonewa gauni la harusi.

"Mzee wangu," Esteban akasema mwishowe, "unaipima trela au unampima mama?"

"Anatafuta jeneza langu," nikamwambia. "Usimjali."

Watu wa karibu wakacheka. Verlin hakucheka. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, nami nikaanza kuogopa kwamba Jumapili, hema linapong'olewa, itatukuta hatuna hata koroma, na Jumatatu tutakuwa njiani kwenda kwenye zulia la kijani.

Ya mwisho ilikuwa Larkson, kampuni ileile iliyotunyeshea. Mpya, futi ishirini na nane, haina meko, haina kisiwa, kochi moja gumu kama neno la hakimu. Vitufe vyote vilikuwa usawa wa bega langu. Vali nilizifikia nimechuchumaa tu. Verlin alitulia tulii, nami nikajua hiyo ndiyo aliyoitaka tangu asubuhi, nikachukia. Tukaingia ndani kuishi saa yetu. Esteban akatuacha, maskini, akaenda kunywa maji.

Tukakaa mezani, mimi upande huu, yeye upande ule. Juu ya meza palikuwa na karatasi. Miwani yangu niliisahau kwenye Gunther, uvunguni nadhani.

"Hebu nisomee na wewe leo," nikamwambia. "Inasemaje?"

Akaichukua, akaiweka mbele ya uso. "Futi ishirini na nane," akasoma. "Uzito, ratili elfu tisa na mia mbili. Shingo, elfu moja mia sita. Matangi ya maji, galoni hamsini."

Alisoma vizuri, bila kusita. Nikanyoosha mkono nikaipokea na kuiweka mbali na macho, umbali wa mkono mzima, ndivyo ninavyosoma nisipokuwa na miwani. Palikuwa na picha ya msalaba na sahani.

"Verlin," nikasema. "Hili ni tangazo la chapati za maji za kanisani, Jumamosi asubuhi."

Nje mtu alikuwa anajaribu honi.

"Verlin."

"Zile namba ni sahihi," akasema. "Ulinisomea Jumatatu."

"Tangu lini?"

"Oktoba. Daktari wa macho kule Lincoln. Alisema itakwenda polepole. Haikwenda polepole." Aligeuza uso akatazama jiko, nami sasa nikaelewa alikuwa anajaribu kuniona. "Pembeni naona vizuri tu. Katikati ndiko kumefifia. Nikikutazama usoni naona nywele na masikio. Uso siupati. Inabidi nitazame kando, ndiyo unakuja kidogo."

Ningependa kusema nililia. Sikulia. Nilikasirika.

"Tulitoka Nebraska Novemba! Maili elfu moja na mia tatu, na mimi kando yako nafuma soksi! Ungetuua sote wawili, we mzee, pamoja na soksi!"

"Novemba nilikuwa bado naona barabara. Kuanzia mwaka mpya sijashika usukani hata mara moja. Wewe ndiye unayeendesha."

"Kwa ajili ya mgongo!"

"Mgongo hauna kitu."

"Njia ya mwongo ni fupi, Verlin. Ya kwako imefika Arizona."

Akakubali kwa kichwa. Kisha akasema, taratibu, na hapo ndipo hasira iliponipotea bila idhini yangu, "Niliogopa ungesema Omaha. Nikikuambia sioni na hatuna trela, hiyo ni habari mbaya tupu. Nikasema nitafute kwanza trela ambayo unaweza kuivuta, na kuiegesha, na kumwaga maji yake, wewe mwenyewe, hata nisipokuwepo. Halafu nikuambie."

"Hata usipokuwepo uende wapi?"

"Hata nikiwepo, Nadine. Nitakuwepo, lakini sitakuwa na faida."

Huyu mtu ana akili za ajabu. Alikuwa amenilaza kwenye changarawe, ameninyima meko, amenifanya kichekesho mbele ya watu wazima, kwa sababu ya mapenzi, na hakuona kwamba amesahau swali moja.

"Hukuwaza kuniuliza kama naweza?"

"Unaweza."

"Sijawahi kuvuta hata mkokoteni!"

"Unaweza," akarudia, akitazama jiko.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Nimeendesha pikapu miaka mingi, lakini pikapu haina mkia. Ukiweka futi ishirini na nane nyuma yake, ukarudi nyuma na kukata kushoto, inakwenda kulia, na nimeona madume ya jangwani yakilia kwenye maegesho mbele ya watoto wao. Mimi nina miaka sitini na tisa. Nikafikiria lile dirisha la Colleen na yale matairi. Nikavaa viatu, nikatoka, nikamkuta Esteban na chupa yake ya maji.

"Ifunge kwenye pikapu yangu," nikamwambia. "Nataka kujaribu kurudi nyuma."

Akamtazama Verlin, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Usimtazame yeye. Yeye ni abiria."

Nyuma ya hema palikuwa na uwanja wenye koni za rangi ya machungwa. Habari zilisambaa, sijui vipi, na nilipopanda Garland alikuwa ameshafika na kiti chake. Verlin akaja dirishani kwangu.

"Shika usukani huku chini kabisa," akasema, akauchukua mkono wangu na kuuweka. "Sasa sahau kushoto na kulia. Mkono unakokwenda ndiko mkia utakakokwenda. Polepole. Ukichanganyikiwa, simama, nenda mbele, anza tena. Hakuna anayekufukuza."

Mara ya kwanza niliangusha koni tatu na kukanyaga ya nne.

"Hizo zilikuwa za zamani, mama," Esteban akapiga kelele.

"Mimi mara yangu ya kwanza nilivunja bomba la maji la kanisa!" Verlin akamjibu, ingawa hakuna aliyemuuliza, na mimi kisa hicho nilikuwa sikijui.

Mara ya pili niliangusha moja. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Garland alinyamaza, na hilo peke yake lilikuwa tukio. Mara ya tatu niliweka mkono chini ya usukani, nikatazama kioo, nikaona mkia wa trela unaingia kati ya koni taratibu, kama mtu anayejua kwake. Nikazima injini.

"Ingekuwa Gunther ingeingia mara ya kwanza," Garland akasema.

"Mzee," nikamwambia Verlin, "tunachukua hii. Lakini vifaa vyako vya useremala vinashuka, na mawe yanapanda."

"Nusu kwa nusu."

"Nyundo moja na bisibisi. Na kochi lile tunalitupa."

Jioni nilimpigia Colleen nikamwambia yote, ya macho na ya trela, kwa mpangilio huo. Alilia kidogo kwa ajili ya baba yake, akaniuliza mara tatu kama nina uhakika, nikamwambia sina. Akasema chumba kitabaki wazi. Nikamwambia kibaki wazi, na akitaka aweke nguo za majira ya baridi.

Tuliondoka Jumatatu, mapema kabla ya malori kuamka. Nilizunguka trela mara mbili, nikagusa kila pini na kila waya. Verlin alipanda upande wangu wa zamani, akahangaika na mkanda, akalalamika kwamba kiti kimekaa karibu mno mbele. Nikamwambia mimi nimekikalia miaka tisa bila kulalamika, akasema huo si ukweli, na haukuwa ukweli.

Tulipoingia barabara kuu, trela ilinivuta nyuma kidogo, kisha ikakubali. Nilishika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe. Sikuthubutu kuondoa macho mbele hata kwa nukta moja.

"Sikiliza," Verlin akasema. "Wewe tazama katikati. Pembeni niachie mimi, pembeni naona vizuri kuliko wewe."

"Haya."

"Kulia kuna lori linaingia. Bado liko mbali. Una nafasi." Akageukia upande wa pili. "Kushoto, mtu na baiskeli, amesimama tu. Kulia safi."

Tukaenda hivyo, yeye akinitajia kulia na kushoto, mpaka pumzi yangu ikatulia na vidole vikapata damu. Jua lilikuwa linatoka nyuma yetu, upande wa Omaha.

"Na mbele?" akaniuliza. "Mbele kuna nini?"

"Barabara."

"Imenyooka?"

"Imenyooka."

"Basi nenda."